Kuku wa Bi Zaina na Kopo la Mchanga

Hitima ya Bi Zaina ilisomwa Ujiji, kwa ndugu zake, siyo kwenye nyumba yake ya Kasingirima, kwa hiyo ule ua niliokuwa nimejiandaa moyoni kuuona tena sikuuona. Nilikaa sebuleni na wanawake wenzangu, miguu nimeikunja juu ya mkeka, tukala pilau kwenye sinia moja. Binti aliyekuwa akigawa maji ya kunawa, mjukuu wa dada yake marehemu, aliniuliza bibi yake nilimfahamu vipi. Nikamwambia niliwahi kuishi kwake mwaka mmoja, zamani, kabla yeye hajazaliwa. "Alikuwaje?" akauliza. Nikasema, alikuwa mkali. Sinia zima likaangua kicheko, kicheko cha watu waliowahi kukemewa na mtu yule yule, kila mmoja kwa wakati wake. Mengine sikumwambia, kwa sababu ni habari ya kuku, na habari ya kuku msibani inataka mtu apewe nafasi ya kuisimulia yote. Lakini niliporudi nyumbani jioni ile nilijikuta nimetulia kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nimekwenda kumwombea marehemu ambaye sikubaki na neno lolote la kumwambia. Si watu wengi maishani mwangu ninaoweza kusema hivyo juu yao.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa nimefeli kidato cha nne. Nilitoka Simbo nikaja mjini kurudia mtihani, nikapokewa na Bi Zaina, mjane asiye na mtoto, kwa makubaliano kwamba nitamsaidia kazi za nyumbani na mchana nitakwenda darasa la wanaorudia. Nyumba yake ilikuwa ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu kwa mstari, bila dari, na kuta zilikoma kabla hazijafika kwenye bati. Ukikohoa chumba cha kwanza, wa chumba cha tatu anakupa pole. Mimi nililala cha mwisho, pamoja na magunia mawili ya pumba na dumu la mawese. Hadi leo nikifungua dumu la mawese jikoni kwangu huwa nakiona kile kitanda cha kamba na daftari langu la hesabu limewekwa juu ya gunia kama vile juu ya meza. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo na mgebuka, samaki wa ziwani, au ugali wa muhogo na maharage, na Bi Zaina alikula kimya, akiangalia mikono yangu. Hakupenda mtu anayeongea huku anakula, wala mtu anayefagia huku anaimba, wala mlango unaoachwa wazi. Nilimwogopa kwa dhati. Nilikuwa nikisikia kandambili zake zinakuja, nasimama hata kama sikuwa nimefanya kosa.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na banda la kuku wa kisasa, kuku kumi na wawili wa mayai, walioletwa na treni wakiwa vifaranga ndani ya boksi lenye matundu. Hao ndio waliokuwa wanamweka mjini. Mayai yao yalikwenda kwa wauza chapati na kwenye mgahawa mmoja karibu na stesheni, na Bi Zaina aliyapangusa moja moja kwa kitambaa kabla ya kuyapeleka. Hakuwapa kuku majina, isipokuwa mmoja ambaye upanga wake wa kichwani ulikuwa mkubwa hadi ukamwangukia jicho la kushoto. Huyo alimwita Kilemba. Kilemba alikuwa akitaga karibu kila siku, na alipotaga alitembea uani akitangaza mpaka jirani wa tatu ajue. Kazi yangu kubwa kwa kuku wale ilikuwa ya Jumamosi. Asubuhi nilitakiwa nitembee hadi ufukweni Ujiji, niokote magamba ya konokono yanayosukumwa na mawimbi, nirudi nayo, niyakaange kwenye kigae, niyatwange kwenye kinu mpaka yawe chengachenga, kisha nijaze kopo kubwa la maziwa lililokuwa mlangoni mwa banda. Kila siku konzi mbili kutoka kwenye lile kopo zilichanganywa na pumba na dagaa wa kusaga. "Kuku anatoa ganda kila siku," Bi Zaina aliniambia wiki ya kwanza. "Unadhani analitoa wapi? Usipompa, analitoa kwenye mifupa yake mwenyewe."

Nilisikia, na nilielewa. Ndiyo maana siwezi kusema sikujua. Mwezi wa tano wenzangu wa darasani walianzisha kikundi cha hesabu cha Jumamosi asubuhi, na hesabu ndiyo iliyonifelisha. Ningeweza kumwomba Bi Zaina anibadilishie siku. Sikuthubutu. Badala yake nilikwenda ufukweni mara moja, nikachota ndoo ya mchanga, ule mweupe wenye chembe kubwa, nikauficha nyuma ya magunia chumbani kwangu, na kila Jumamosi nilijaza kopo kwa mchanga. Kwa macho, ulifanana sana na magamba yaliyotwangwa. Kuku waliudonoa bila malalamiko. Ningependa kuandika hapa kwamba nilifanya vile kwa ajili ya hesabu. Wiki mbili za kwanza ilikuwa hesabu kweli. Baada ya hapo kikundi kilivunjika na mimi nikaendelea na mchanga, kwa sababu Jumamosi zilikuwa zimeshakuwa nyepesi.

Wiki ya nne mayai yakaanza kuvunjika. Nilikuwa nikiyaokota asubuhi, moja linapasuka kiganjani, jingine nalikuta lina ufa kabla sijaligusa, jingine ni laini kama limevaa karatasi. Bi Zaina alinitazama na ute unanitiririka kwenye vidole, akanipa kitambaa. Jioni moja nilikuwa chumbani nasoma, akaja Mzee Sefu, jirani yetu, kuli mstaafu wa bandarini, mtu mwenye sauti iliyozoea kushindana na winchi. Yeye ndiye aliyekuwa akichinjia mtaa mzima kuku wa shughuli. Walikaa chumba cha kwanza wakinywa chai ya tangawizi, na juu ya kuta zile fupi nilisikia kila kitu.

"Yule binti hana mikono," Bi Zaina alisema. "Kila anachoshika kinavunjika. Mayai matatu leo, jana mawili."

"Umri," Mzee Sefu akasema.

"Siyo umri. Mimi umri wake nilikuwa nauza samaki Kibirizi. Nikirudi safari namrudisha kwao Simbo. Mtihani ataufanyia huko."

Safari yenyewe ilikuwa ya kwenda kumjulia hali shoga yake mgonjwa, kusini mwa ziwa, kwa boti. Angeondoka Alhamisi alfajiri na kurudi Jumapili. Nililala na daftari kifuani. Huko Simbo hakukuwa na darasa la kurudia, wala mwalimu, na nilijua kabisa nikirudi nitaolewa kabla ya mtihani. Nilijua pia kwa nini mayai yanavunjika. Ningeweza kwenda chumba cha kwanza nikasema, siyo mikono yangu, ni kopo. Nikabaki nimelala, nimechagua kuonekana mzembe kuliko kujulikana kuwa ni mwongo.

Alhamisi ile, saa nne asubuhi, Bi Zaina akiwa tayari majini, nilimkuta Kilemba amesimama kwenye kona ya banda, mkia umeinama hadi chini, mbawa zimelegea, macho yamefumba nusu. Alikuwa akijikamua. Anachuchumaa, mwili mzima unakaza, hakitoki kitu, anasimama, anapiga hatua mbili, anachuchumaa tena. Kila alipokaza alifungua mdomo bila sauti. Nilimshika tumboni nikasikia, katikati ya miguu, kitu kigumu cha mviringo. Yai lilikuwa limekwama. Nilielewa mara moja nani aliyelikwamisha.

Mzee Sefu, aliyeachiwa jukumu la kututupia macho, aliingia uani akamtazama, akarudi kwake, akaja na kisu. "Huyu achinjwe sasa hivi, binti. Akifa mwenyewe ni kibudu, hakuna atakayemla. Tukimchinja, angalau Bi Zaina atakuta mchuzi." Alisema kwa upole, na alikuwa na haki. Nilimwomba asubiri. "Nisubiri nini?" akauliza. Nikasema nakwenda kwa bwana mifugo. Akatazama jua. "Nitaswali adhuhuri. Kufikia alasiri kama yuko hivi hivi, namchinja. Simwachi mnyama ateseke kwa sababu wewe unaogopa kusemwa." Maneno hayo yaliniingia mahali hasa yalipotakiwa kuingia, ingawa yeye hakujua.

Nilikimbia. Bwana mifugo alikuwa na nyumba nyuma ya soko la Mwanga, na mke wake, Mama Furaha, Muha wa Kasulu, alinipokea akiwa anasonga ugali wa watu wengi, jasho linamtoka. Nikamwambia nina kuku mgonjwa. "Bwana hayupo, yuko vijijini mpaka wiki ijayo. Inkoko yako ina nini?" Nikamweleza nikihema. Hakuacha kusonga. Alinieleza akiwa amenipa mgongo, mwiko unagonga sufuria, kama mtu anayesoma orodha ya sokoni. "Maji ya uvuguvugu, siyo ya moto, yale ya kumwogeshea mtoto mchanga. Tia chumvi kidogo. Mkalishe ndani mpaka tumbo lote lizame, umshike, usimwachie, nusu saa nzima, maji yakipoa ongeza. Halafu paka mafuta kidoleni, mawese tu yanatosha, upake pale mlangoni, ndani kidogo na kuzunguka. Usilivunje yai! Likivunjikia ndani ndiyo umeua. Usimkamue kwa nguvu. Atalisukuma mwenyewe, wewe unamsaidia tu." Nikageuka kuondoka. "Ngoja!" akaniita, na hapo ndipo alipogeuka kunitazama. "Likitoka, nyama ya ndani inaweza kulifuata. Nyekundu. Usipige kelele. Ioshe, ipake asali au sukari ipungue uvimbe, uirudishe taratibu kwa kidole. Umfiche gizani, mbali na wenzake. Wakiiona nyekundu ile, wataidonoa mpaka wamle akiwa hai. Na umpe magamba, mdogo wangu. Kuku wako hapati magamba."

Nilirudi nikawasha jiko la mkaa, nikapasha maji, nikayajaribu kwa kiwiko cha mkono. Nilimkalisha Kilemba kwenye karai na kumshika mbawa. Mwanzoni alipigana, akanilowesha kifua chote. Kisha joto lilimfikia. Sitasahau jinsi shingo yake ilivyolegea, ule upanga mkubwa ukalala juu ya mkono wangu, na akafumba macho kabisa. Chini ya vidole vyangu moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kama cherehani. Nilichuchumaa pale nusu saa, labda zaidi, magoti yanauma, nikimwaga maji yaliyopoa kwa kikombe na kuongeza ya moto upande wa mbali. Nilimwambia ukweli. Nilimwambia ni mimi, kwamba nilimpa mchanga, kwamba akipona nitakwenda Ujiji kila Jumamosi hata mvua inyeshe. Leo najicheka, mtu mzima kuungama kwa kuku, lakini nimewahi kukaa mbele ya watu wenye vyeo nikaomba radhi kwa uongo mtupu, na pale kwenye karai sikusema neno moja la uongo.

Nilimtoa, nikampangusa, nikampakata kwenye kanga. Nikachovya kidole kwenye mawese. Nilipaka kama nilivyoelekezwa, na ndani kidogo tu nikaligusa yai lenyewe. Lilikuwa laini upande mmoja. Nikatoa kidole, nikamweka chini kwenye majani makavu, nikakaa kando. Alikaza. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili nikaona weupe wake, ukarudi. Nikapaka tena. Mara ya tatu Mzee Sefu alikuwa amesimama mlangoni pa ua, ametoka kuswali alasiri, kisu mkononi kimefungwa kwenye gazeti. Kilemba alitoa sauti ambayo sijaisikia tena kwa kuku yeyote, na yai likatoka zima, refu, limekunjamana kama tende.

"Alhamdulillahi," akasema Mzee Sefu.

Furaha yetu haikumaliza dakika moja, maana nyama ikalifuata, nyekundu inayong'aa, kubwa kama nyanya. Mzee Sefu akainama kuitazama. Kisha akasema, "Sasa hapa, binti, hapa ndiyo basi."

"Una asali, Mzee?" nikamuuliza.

Alinitazama, akatazama kuku, akaweka kisu juu ya ukuta. Akaenda kwake, akarudi na chupa ya soda iliyojaa asali nyeusi ya porini aliyokuwa akiinywea kikohozi. Yeye ndiye alimshika Kilemba, mikono ile mikubwa iliyobeba magunia miaka thelathini, na mimi nikaosha ile nyama kwa maji ya chumvi, nikaipaka asali, tukangoja. Uvimbe ulipungua kidogo. Nikaisukuma taratibu kwa kidole chenye mawese. Ikaingia, nikashusha pumzi, ikatoka tena. Nikaosha upya, nikapaka, nikangoja, nikasukuma. Ikatoka. "Usikate tamaa," akasema Mzee Sefu, yule yule wa kisu, kwa sauti ya chini ambayo sikujua kuwa anayo. Mara ya tatu niliishikilia ndani kwa pedi ya pamba nikihesabu hadi mia tatu, na nilipoachia, ilikaa.

Alhamisi ile iliyobaki, na Ijumaa, na Jumamosi, Kilemba aliishi chumbani kwangu ndani ya boksi lililofunikwa kanga, gizani, ili mwili wake upumzike, usitengeneze yai jingine upesi. Nilimpa maji na chakula kidogo. Ijumaa ile nyama ilichungulia mara moja, nikairudisha. Jumamosi alfajiri nilishuka Ujiji, nikajaza ndoo nzima ya magamba, nikayakaanga na kuyatwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge, na kopo nikaliosha kabla ya kulijaza. Nilikuwa na hakika nafanya kazi ya mtu mwingine atakayekuja baada yangu. Asubuhi ya Jumapili Kilemba alidonoa boksi kwa ndani, kwa hasira, akitaka kutoka. Nilikaa kitandani nikalia kwa raha. Kwa siku zile tatu nilikuwa nimesahau jinsi mtu anavyopumua hadi mwisho.

Bi Zaina alifika saa nane mchana, na kapu la ndizi. Sikumngoja aketi. Nilisimama katikati ya ua nikamwambia yote kwa mpigo mmoja: mchanga, ndoo nyuma ya magunia, mayai, Kilemba, karai, kila kitu. Nilipomaliza, Bi Zaina akatua kapu chini.

"Wiki ngapi?" akauliza.

"Saba, Bi Zaina."

"Wiki saba nawalisha kuku wangu mchanga." Alisema kwa sauti ndogo, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele. Kisha kelele zikaja. Alinikemea mpaka majirani wakatoka nje. Aliniita mwongo, mvivu, msaliti wa viumbe visivyo na mdomo, na sikujitetea, kwa sababu yote yalikuwa kweli. Mzee Sefu alichungulia juu ya ukuta akafungua mdomo, Bi Zaina akamnyooshea kidole, akaufunga.

Akaingia chumbani kwangu. Nilimsikia anafunua kanga. Alitoka na Kilemba kwapani, akamgeuza, akainua mkia, akachunguza kwa muda mrefu uso wake ukiwa karibu kabisa.

"Hii nyama nani aliirudisha?"

"Mimi."

"Mara moja ikakaa?"

"Mara ya tatu. Ijumaa ikachungulia tena, nikairudisha."

Akamweka kuku chini. Kilemba akajikung'uta, akaenda moja kwa moja kwenye pumba. Bi Zaina akamfuata kwa macho, kisha akaliendea kopo, akachota konzi ya magamba, akayasugua kati ya vidole, akamwaga kidogo kidogo kurudi ndani. Nilikuwa nimeshafunga nguo zangu kwenye mfuko. Ulikuwa mlangoni, na nilijua ameuona.

"Umetwanga makubwa mno," akasema. "Twanga tena. Na Jumamosi ijayo ukitoka ziwani usikae na vitabu, tutapaka chokaa hili banda lote, mimi na wewe. Vaa nguo mbovu."

Ilinichukua muda kuelewa kwamba Jumamosi ijayo ilikuwa bado mbele, na kwamba nilikuwa nimewekwa ndani yake. Niliendelea kukaa pale hadi mtihani, nikafaulu hesabu kwa alama ya kutosha tu, na nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote. Lakini jioni ile sikufikiria mtihani. Bi Zaina alipika ndizi kwa mgebuka, tukala sinia moja kwa mara ya kwanza, na nilipomaliza akanisukumia kipande cha samaki kilichobaki upande wake, bila kuniangalia, akaniambia nile upesi kabla hakijapoa.